Pampu ya Mtumba Niliyoikataa Ulaya

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Maji wa Masasi alinipa spana na onyo: "Mashine haiogopi cheo. Usiisemee uongo." Nilicheka moyoni. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka.

Baadaye nikahamishiwa Newala, ambako maji husukumwa kutoka bondeni hadi mjini, kwenye uwanda wa juu. Enzi za ruksa zilipoingia, biashara ikaachiwa huru na maduka yakajaa bidhaa lakini mabomba yakakauka, maana pampu yetu ilikuwa imekwisha. Mke wangu, Mama Hawa, alishuka bondeni kila alfajiri, akapanda na ndoo ya maji kichwani.

Ndipo wafadhili wakatuita, mimi na Mhandisi wa Wilaya, tukakague pampu ya mtumba kusini mwa Italia. Ulikuwa mji wa starehe ufukweni: miavuli ya rangi, muziki kila kona, watu wazima nusu uchi wakilamba aiskrimu. Mchangani waliweka mabomba ya kujisuuzia. Maji matamu, ya kunywa, yakimwagika miguuni! Roho iliniuma.

Pampu ilikuwa bado inafanya kazi nyuma ya hoteli, ikilisha mabomba yale ya ufukweni huku ikisubiri kubadilishwa. Wakala wa muuzaji alikwisha kuandaa hati ya kupokea. Nikafunga koki ya kutolea maji. Ukifunga hapo, sindano ya geji hukuonyesha pampu inaweza kuyainua maji hadi wapi. Ikapanda, ikasita, ikagoma. Haikufika hata nusu ya mlima wetu. Ufukweni, watu wenye sabuni kichwani wakaanza kupiga kelele, na wakala naye akafoka kwa lugha yake.

Mhandisi akanisukumia kalamu. "Fundi, tia saini. Tukirudi mikono mitupu watatutafuna wazima."

"Mzee, hii ni ya nchi tambarare. Kwetu haitapandisha hata tone."

"Tia saini, nimesema!"

Nikamrudishia kalamu. Sikutia.

Tulirudi bila pampu. Barua ya onyo ikanifuata, na sokoni watu wakanigeuzia mgongo. Nyumbani Mama Hawa aliniuliza mara moja tu:

"Baba Hawa, ni kweli walitupa pampu ukaikataa?"

"Ni kweli."

Akachukua ndoo, akashuka.

Pampu ya kufaa ilichelewa miaka. Sasa nimestaafu, na mafundi vijana hunisifu kwa msimamo. Nilikuwa sahihi, na ningekataa tena. Lakini shingo ya Mama Hawa haigeuki tena upande wa kushoto, na hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.