Nailoni ya Buluu Tumboni mwa Kiluwiluwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya kisigino. Barua ilisema nimeajiriwa msaidizi wa maabara katika ofisi ya maji, hapa Isiolo, nami nikadhani maabara ni meza na koti jeupe. Mkuu wa Maabara, Mmeru mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, alinitazama miguuni, akanitupia gambuti.

"Maji unayochota leo, Talaso, kesho kutwa yako kule chini, Merti," akasema. "Ukitaka kujua mto umekula nini mwaka mzima, tazama matope. Twende."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu miaka ya sabini. Tulichota matope ya chini ya mto kwa kopo zito lenye mpini mrefu, tukayapitisha kwenye chekeche, kisha kilichobaki tukakimwaga katika sinia jeupe na kuhesabu kilicho hai. Mkuu alinikataza kukadiria. Nikisema "kama ishirini hivi," ananirudishia sinia nianze upya, shingo ipende isipende.

Tuliyemtafuta zaidi tulimwita mnyoo mwekundu. Si mnyoo hasa, ni kiluwiluwi wa mdudu anayefanana na mbu ila haumi. Huishi ndani ya matope, katika kijumba chembamba anachojijengea kwa chembe za udongo alizozigandisha kwa mate yake. Yeye hula uchafu wa matope, na samaki humla yeye. Akikomaa hupanda juu ya maji, huota mabawa na kuruka.

Mkuu alistaafu, na nafasi yake haikujazwa. Nikabaki na hadubini yake na chekeche lake, chini ya Afisa wa Maji wa Wilaya aliyekuja mapema miaka ya themanini. Ndipo ukaja mradi wa kilimo. Jina lake silitaji. Udongo wa pale ulikuwa wa mchanga na maji yalizama kabla ya kufika shambani, kwa hiyo Mhandisi wa Mradi akatandika nailoni ya buluu ndani ya mifereji yote. Siku ya ufunguzi watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Jua la huku mnalijua. Misimu michache tu, nailoni ikakauka, ikawa inavunjika ukiigusa. Mbuzi waliokuja kunywa waliikanyaga, vipande vikasagika hadi vikawa vidogo kama majani ya chai, vingine kama vumbi, na maji yakavipeleka vyote katika kijito kilichopita chini ya mashamba.

Aliyenishtua ni Ekal, Mturkana kutoka Ngaremara aliyekuwa amehamia kando ya kijito hicho, akilisha watoto wake kwa kambare.

"Dada, si wewe ndiye wa kuhesabu wadudu?" aliniuliza siku moja akiwa amesimama mlangoni pa ofisi. "Basi njoo uhesabu. Samaki wangu wamekuwa kichwa kitupu, nyama hakuna."

Nilikwenda. Upande wa juu wa kijito, kabla ya mifereji, sinia lilijaa viluwiluwi wekundu wakijinyonganyonga. Upande wa chini, baada ya mifereji, nilichekecha asubuhi nzima nikapata wachache mno. Nikawaweka chini ya hadubini. Mwili wa mnyoo mwekundu unapitisha mwanga, kwa hiyo utumbo wake unauona kama mstari. Wa juu walikuwa na mstari wa kahawia, rangi ya matope. Wa chini mstari wao ulikuwa wa buluu. Walikuwa wameshiba nailoni hadi hapakuwa na nafasi ya chakula. Hata vijumba vyao walivijenga kwa chembe hizo, na nilipovigusa kwa sindano vilibomoka.

Sikutaka kuambiwa nimeota. Nikachukua makarai mawili, nikatia matope safi na viluwiluwi wa kutoka juu, idadi sawa. Karai moja nikalichanganya na unga wa nailoni nilioukwangua mferejini. Nikayafunika yote kwa chandarua. Katika karai safi, wadudu waliruka wakajaa chandaruani. Katika lile lingine walitoka wachache, wadogo, waliochelewa. Waliosalia nikawakuta wamekufa ndani ya matope. Nilirudia mara tatu. Mara tatu ikawa vilevile.

Nilipopeleka taarifa yangu, Mhandisi alikuwa ameketi ofisini kwa Afisa wa Maji. Alicheka hadi akafuta macho.

"Mama, unatulilia mbu? Wakifa si tushukuru Mungu?"

"Si mbu, bwana. Na samaki wanakula nini?"

Afisa wa Maji hakucheka, na hilo ndilo siwezi kumsamehe. Alikuja maabara, akainama juu ya hadubini muda mrefu, akaona. Kisha akafunga mlango.

"Wageni wanaotoa nailoni wanakuja kukagua," akasema. "Hiki ulichokiona hakina jina, Talaso. Siwezi kuwaandikia kitu kisicho na jina."

"Kipe jina wewe, bwana. Wewe ndiye msomi."

Akanisukumia karatasi iliyokwisha pigwa taipu: *Viumbe wa matope wako katika hali ya kawaida.* Chini yake palikuwa na jina langu na mstari mtupu. Nilikuwa mjane mwenye wasichana wawili shuleni. Nikatia sahihi.

Siku mbili baadaye nilimkuta dereva akiosha gari la serikali kwa makarai yangu. Matope yalikuwa yamemwagwa uani, yamekauka. Wiki hiyohiyo nikapewa uhamisho hadi Kulamawe, kupima kina cha maji kisimani. Nilipima hadi nikastaafu. Nailoni mpya ilitandikwa juu ya ile ya zamani. Nilikutana na Ekal mara moja tu, katika soko la mifugo mjini, akibeba mizigo ya watu. Aliniona vizuri. Hakunisalimu.

Sasa niko nyumbani, na hasira haijastaafu. Juzi alikuja afisa kijana, binti wa Kiborana kama mimi. "Salaam aleikum, akko," akasema, akiniita bibi kwa adabu ya kwetu, kisha akanionyesha picha katika simu: viluwiluwi wenye chembe za plastiki tumboni. Akasema haya ni mambo mapya, wataalamu ndio wanaanza kuyaelewa.

Nikamweleza yote. Makarai, hadubini, mstari wa buluu. Alisikiliza, kisha akasema amesoma mafaili ya zamani ya wilaya, na humo imeandikwa kwamba matope yalikuwa salama.

"Mbona hukusema, akko?"

"Nilisema," nikamjibu. "Kisha nikatia sahihi."

Nikamwomba kalamu na karatasi, nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa ili asipate shida kusoma: *Taarifa iliyo katika faili ni ya uongo. Sahihi ni yangu.* Nikamwambia akaibandike juu ya ile nyingine.