Kusimama na Neno: Jinsi Wafuaji wa Hospitali Walivyonifundisha Mvuke

Baba yangu alikuwa Mushagalusa, mkulima wa migomba. Mama yangu alikuwa M'Lushombo, mfinyanzi wa vyungu. Walinizaa huko Nyangezi, wakaniita Nabintu. Shuleni sikuingia, kwa maana mimi ndiye niliyewabeba wadogo zangu mgongoni mpaka wao wakafikia umri wa kuingia. Ninayasema haya mwanzoni ili kijana atakayesoma asidhani kwamba maneno ya Kilatini na Kigiriki yaliyomo humu niliyatoa katika kitabu. Niliyapata kazini, nimesimama, mikono imelowa. Nawe Ansima, mjukuu wangu unayeandika, andika kama ninavyosema. Usinipambe.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa katika chumba cha kufulia cha hospitali moja ya misheni hapa Bukavu. Aliyenipokea ni Mama Mukubwa wa Kufulia, mzaliwa wa kijiji cha Miti, mwanamke mpana aliyesikika kabla ya kuonekana. Alitazama mikono yangu kwanza, uso baadaye.

"Iko na mikono ya shamba," akawaambia wenzake. "Sabuni itaimaliza, lakini tutamuzoea."

Alisema kweli. Tulifua mashuka kwa maji baridi na sabuni kali, na haukupita muda vidole vyangu vikaanza kupasuka. Nyuma ya ukuta palikuwa na chumba cha autoclave, yaani sufuria kubwa ya chuma yenye mlango mzito, ambamo vitambaa na visu vya operesheni hupikwa kwa mvuke hadi vijidudu vyote vife. Kule palikuwa pakavu tena pana joto. Kila nilipotumwa kupeleka vitambaa, nilikawia kurudi. Nilifika mahali pa kushindwa kufunga kitambaa cha kumbebea mtoto wangu bila machozi kunitoka, nikajua kwamba nisipohamia upande ule, nitaiacha kazi.

Lakini hakuna aliyehamia bila kusimama na neno.

Desturi hiyo ilitokana na kosa moja. Sisi watu wa huku, tangu utoto, mvuke tunauita moshi ya maji. Mfanyakazi mmoja aliyenitangulia alilifuata jina hilo kwa moyo wote: kila furushi la vitambaa aliliviringisha katika nailoni kabla ya kulitia ndani ya autoclave, kama mtu anavyofunika nguo ya Misa isishike harufu ya jikoni. Sista Mkuu wa Operesheni, ambaye sote tulimwita Masere, alifungua furushi kabla halijamfikia daktari. Vitambaa vya ndani vilikuwa vikavu kama vilivyotoka kabatini. Mvuke haukuwa umevigusa hata kidogo, kwa hiyo vijidudu vilikuwa hai. Masere hakumfukuza mtu. Aliweka sheria kwamba kila anayetaka kushika mashine asimame kwanza juu ya benchi la kufulia, aeleze kila neno la kazi ile: lilizaliwa wapi, na lina maana gani kwa lugha yetu. Waamuzi ni wafuaji. Wakiridhika, unahamia. Wakicheka, unarudi kwenye mashuka.

Mara ya kwanza nilisimama kwa majivuno. Neno nililopewa lilikuwa la Kifaransa, vapeur.

"Vapeur," nikasema, "ni ule moshi mweupe unaotoka kwenye maji ya moto."

"Moshi?" Mama Mukubwa akadakia. "Basi tuonyeshe masizi yake."

"Na kama ni moshi," akasema mwingine, "juu ya nini haitutoi machozi?"

"Muache, labda kwao Nyangezi banapika ugali na masizi!"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Masere naye alicheka, kisha akaniambia kwa upole, "Shuka, Nabintu. Neno hilo bado halijakukubali."

Nilishuka nikiwa na hasira, na hasira hiyo ilinifaa. Nilimwendea Mekanisia Mkuu, mzee wa maneno machache aliyetunza tanuri la kuni na mabomba yote ya hospitali. Hakunieleza kitu. Alinipeleka mbele ya birika lililokuwa likichemka kwa nguvu.

"Wingu linaanzia wapi?" akauliza.

"Mbali kidogo na mdomo wa birika."

"Na katikati ya mdomo na wingu, kuna nini?"

"Hakuna kitu, papa."

"Basi weka kidole."

Nilirudisha mkono nyuma haraka, naye akatabasamu. "Aa! Kumbe unajua iko kitu pale."

Hapo ndipo aliponifundisha. Vapeur limetoka katika Kilatini, vapor, lenye maana ya pumzi ya joto. Mvuke wa kweli hauonekani. Ule weupe tunaouona ni mvuke uliokwisha kukutana na baridi ukarudi kuwa matone madogo sana. Na kurudi huko huitwa condensation, kutoka densus, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichosongamana, kama watu mlangoni mwa kanisa siku ya Pasaka. Vitabu vya Kiswahili vinasema mvuke, neno la ukoo mmoja na kufuka.

Maneno mengine nilimwomba Masere kila nilipopeleka vitambaa. Autoclave lina wazazi wawili: autos la Kigiriki, yaani mwenyewe, na clavis la Kilatini, yaani ufunguo. Mlango wake hukaa kwa ndani, na mvuke unapousukuma ndivyo unavyozidi kukaza. Chombo kinajipigia ufunguo. Manomètre ni saa yenye mshale inayoonyesha nguvu ya mvuke: manos kwa Kigiriki ni kitu chepesi kisichosongamana, metron ni kipimo. Purge ni kule kufungua bomba la chini ili hewa ya kawaida itoke, maana hewa ikibaki, mshale hupanda lakini joto halifikii kiasi cha kuua vijidudu. Neno hilo lina asili moja na purgatoire, yaani toharani, mahali pa kutakasikia. Mzazi wao ni purgare, kusafisha.

Mara ya pili sikupanda benchi mikono mitupu. Nilimwomba Mekanisia Mkuu jiko la makala, yaani makaa, na birika lile, nikachukua na kifuniko cha sufuria kilicholala katika maji baridi.

"Leo anakuya kutupikia chai!" wakapiga kelele.

Nilingoja maji yachemke sana. Kisha nikawauliza wanaona nini pale penye mdomo wa birika, kabla ya wingu. Wakasema hawaoni kitu. Nikakifuta kifuniko, nikawaonyesha kwamba ni kikavu, nikakishika kwa koleo na kukiweka hapohapo pasipo na kitu. Nilipokigeuza kilikuwa kinachuruzika maji. Nikawaambia, "Moshi ungekipaka weusi. Hiki kimelowa. Kilichokilowesha ni vapeur, nanyi hamkukiona. Ndiyo maana furushi lisifungwe nailoni: lazima hiki tusichokiona kipite katika kila uzi."

Nilieleza purge, na nilipofika kwenye toharani mmoja wao akajipiga ishara ya msalaba, akauliza, "Kwa hiyo hewa njo mwenye zambi?" Nikajibu kwamba kwetu kazini, ndiyo, hewa ndiyo mwenye dhambi. Wakacheka, lakini safari hii hawakunicheka mimi. Nikaeleza manomètre. Nikaeleza autoclave.

Ndipo Mama Mukubwa akakunja mikono. "Ngoja kwanza. Ile chombo inajifunga yenyewe?"

"Inajifunga yenyewe, mama."

"Basi weye uko wa kazi gani kule? Kuota joto?"

Swali hilo hakuna aliyenifundisha jibu lake. Nilivitazama vidole vyangu, nikafikiria mlango ule, nikasema polepole, "Mama, chombo kinajua kujifunga, lakini hakijui wakati wa kufunguliwa. Mtu akilazimisha mlango mvuke ukiwa bado ndani, utamchoma uso. Mimi nitakuwa pale kungoja mshale urudi chini kabisa, hata kama daktari anapiga kelele nje."

Mama Mukubwa akageukia wenzake. "Mumupe chumba. Huyu atajua kungoja."

Nilihamia upande ule, na vidole vyangu vikapona.

Baadaye nilipelekwa kwenye kituo cha afya kilichokuwa katika barabara ya Kavumu, kutunza alambic, chombo cha kuchemsha maji na kuyarudisha tone kwa tone yakiwa safi. Jina hilo Waarabu walilichukua kwa Wagiriki, kwao likiwa ambix, kikombe, wakaliongezea al- yao. Nesi Mkuu wa pale alipenda kunitania: "Maman, ziwa letu hili linakuibia kazi. Jua ni moto wake, wingu ni kifuniko chake, na halilipwi!" Nilimjibu kwamba ziwa halina mkubwa wa kulipigia kelele. Kisha nikarudishwa mjini, nikaendelea na autoclave mpaka nilipostaafu.

Leo mashine ni za umeme, zinahesabu zenyewe na kupiga filimbi zenyewe. Sizilaumu, ni nzuri. Ninamlaumu kijana anayebonyeza kitufe asijue nini kinapita ndani. Mimi sikusoma, lakini sikushika chombo ambacho sikuweza kukieleza mbele ya watu wanaopenda kucheka.

Sasa Ansima, sikiliza ya kutunza. Picha yangu ya kustaafu waachie wajomba zako, wanapenda picha. Wewe tunza maneno haya, Kilatini chake na Kiswahili chake pamoja. Na utakapoyanakili, usifute maswali ya wafuaji ukabakiza majibu yangu. Swali la Mama Mukubwa liandike kama alivyoliuliza, kwa Kiswahili chake, usilinyooshe. Yeye ndiye aliyenipa ile kazi.