Gari la Mashati Elfu Mbili

Jirani yangu dobi tunamwita Mstari, kwa sababu suruali ikitoka mikononi mwake, mstari wake unaweza kukukata kidole. Chumba chake cha kazi na changu vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Yeye anapiga pasi, mimi nashona viatu, na siri hatuna. Kwa hiyo najua alivyolitaka lile gari, na najua lilivyotuvuruga akili sote wawili.

Nyumba moja ya wageni nje ya mji ilikuwa imemwahidi mashuka yake yote, wiki baada ya wiki, kwa sharti moja: ayafuate na kuyarudisha mwenyewe. Meneja alitaka jibu Ijumaa kabla ya saa kumi alasiri. Mashuka ya nyumba nzima hayabebeki kwenye baiskeli, na goti la kushoto la Mstari lilishaanza kugoma hata kwa mashati. Muuguzi mmoja mstaafu alikuwa anauza gari lake dogo, rangi imechubuka lakini injini nzima. Mstari aliliona mara moja tu, akarudi anatabasamu peke yake.

Shida ni kwamba Mstari hajui kufikiri kwa pesa. Anafikiri kwa mashati. Ukimtajia bei ya kitu, anajiuliza kwanza ni mashati mangapi ya kupiga pasi, ndipo anaelewa kama ni ghali. Kodi ya chumba ni mashati mia mbili. Gari la muuguzi lilikuwa mashati elfu mbili, na akiba yake mashati elfu mbili na mia moja. Akaona amemaliza, mia nzima inabaki. Nami nikampongeza, mjinga mwenzake.

Muuguzi ndiye aliyetuharibia furaha. Alikuwa mtu wa haki, akamwonyesha daftari la kila kilichoingia kwenye gari lile mwaka uliopita: bima, matairi, fundi, maegesho, mafuta. Mstari akanakili yote nyuma ya kikaratasi cha mteja. Alhamisi alihesabu mara nne akapata majibu manne. Mara gari linamwachia mashati hamsini kwa wiki, mara linamdai kumi. Akanipa mimi, nikapata jibu la tano, nikatupa kalamu kwa hasira. Baadaye ndipo nikagundua kituko chenyewe: mapato alikuwa anayaandika kwa shati la kufua na kupiga pasi, matumizi kwa shati la pasi tu, na mashati hayo mawili bei yake si moja. Na mtu huyu yuko kwenye kazi hiyo mwaka wa kumi na tisa.

Tukaanza upya, shati la pasi tu. Mashuka yangemletea mashati tisini kwa wiki, baada ya kutoa sabuni na ujira wa mtu wa kuyafua. Gari lingekula sitini na tano. Yanabaki ishirini na tano, tena safi. Tukapeana mikono, lakini Mstari hakutulia. Kila akimaliza shati moja anakirudia kile kikaratasi.

"Jirani, kuna kitu kinanipita hapa," akaniambia. "Sikioni, ila kinanipita."

Ijumaa saa nane mkewe, shemeji yangu, alikuja kukunja nguo. Akaelezwa hesabu yote, hakupinga hata tarakimu moja. Alikunja mashati matatu, kisha akauliza:

"Ukiwa barabarani, hapa mezani anapiga pasi nani?"

Mstari akabaki ameishika pasi hewani. Safari zingekuwa tatu kwa wiki, kila moja inamaliza asubuhi nzima, na asubuhi moja yeye hutoa mashati arobaini. Nikadakia kwamba aajiri dereva. Shemeji akanijibu nimtafute huyo dereva wa kulipwa mashati ishirini na tano kwa wiki. Mstari akachukua kikaratasi, akaandika chini kabisa "mimi", na pembeni yake mia na ishirini.

"Kumbe mimi ni ghali kuliko gari," akasema.

Hakuwa anatania, nami sikujua nicheke au nimpe pole. Saa tisa na nusu alimpigia simu meneja akamwambia hataweza. Nilidhani ataona nafuu, maana hesabu hatimaye imekaa sawa. Badala yake aliniuliza inakuwaje mtu akose kazi kwa sababu ana kazi. Nimeligeuza swali hilo mpaka leo.

Jioni nilimwona akienda kuwapelekea wateja nguo zao. Alikuwa anaikokota baiskeli badala ya kuipanda, mashati kumi na mawili nyuma, anachechemea. Nikakikumbuka kile kikaratasi chetu. Goti hatukuliandika popote.