Farasi wa Mwisho na Mgeni Aliyechelewa

Mwanangu, ipo Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko sikukuu nyingi. Ilikuwa miaka ya tisini, nami msichana mgeni mjini Toronto, nikiishi na Shangazi Mghoi kwenye ghorofa moja huko Etobicoke. Shangazi alikuwa mjane, mlezi wa wazee kwa kazi, mama wa kanisa kwa sifa, na mpenzi wa mbio za farasi kwa siri. Alizipenda tangu ujana wake Nairobi. Akiulizwa baada ya ibada anakokwenda, alijibu, "Kutazama viumbe wa Mungu." Wala hakusema uongo, Mungu amrehemu.

Siku hiyo alinichukua twende naye mbioni kwa sababu nilikuwa nimenuna. Jana yake kijana aitwaye Eliya, mtu wa Bukavu, alikuwa aje kujitambulisha nyumbani kama mchumba wangu. Tulipika pilau, tukangoja mpaka ikapoa. Alipobisha hodi hatimaye, shati lilikuwa limekunjamana na mikono mitupu.

"Munisamehe, Mama," alimwambia Shangazi. "Nimetoka kazi ya usiku. Usingizi ilinibeba ndani ya basi, nikaamkia mwisho wa njia." Hata zawadi aliyonunua aliisahau kwenye kiti cha basi. Alikula kidogo, macho chini, akaaga.

Nilikuwa nimeamua. "Simtaki tena," nilimwambia Shangazi njiani. "Mtu asiyeweza kufika mezani atanifikisha wapi?"

Uwanjani tulisimama karibu na uzio, na mbio zilipoanza kila mtu alimshangilia aliyetangulia. Shangazi alimkazia macho farasi mwekundu mwenye paji jeupe, aliyeingia wa mwisho kabisa. Waliomwekea dau walimtukana, wakachana tiketi zao.

"Huyo nitamrudia," Shangazi akasema.

"Shangazi! Si amekuwa wa mwisho?"

"Hilo umeliona. Na sababu umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Akanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Kwenye kona farasi wawili walimzibia njia, mpandaji akavuta hatamu hadi kichwa cha mnyama kikainuka. Njia ilipofunguka wenzake walikuwa mbali, lakini aliendelea kujinyoosha mpaka kwenye mstari, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Kuna anayeshindwa kwa kuzibiwa, na kuna anayeshindwa njia ikiwa nyeupe," alisema. "Ukiwatia wote kapu moja, utamtupa na mzuri." Kisha akanigeukia. "Na yule kijana wako, nani alimzibia?"

"Usingizi," nikasema kwa shingo upande.

"Usingizi wa mtu aliyekesha kazini. Na alipoamka, aibu imemjaa, alirudi kwake akajifiche, au alikuja kwangu?"

"Alikuja kwako," nikakiri.

"Kuteleza si kuanguka, Wakesho. Mwite tena."

Nikamwalika Eliya Jumamosi nyingine. Lakini Ijumaa yake, farasi yule mwenye paji jeupe alikimbia tena, nasi tukaenda. Safari hii hakuna aliyemzibia. Uwanja ulikuwa mkavu, njia wazi mbele yake, naye akalegea mwenyewe hadi nyuma kabisa. Nilivunjika moyo, mwanangu, kana kwamba ni Eliya aliyeshindwa.

Shangazi alicheka, akachana tiketi yake. "Basi. Huyu tumemalizana naye. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Na Eliya je?"

"Eliya ana mkia? Farasi ni farasi. Mtu mpime kwa mwendo wake mwenyewe."

Kesho yake hodi ilibishwa mapema mno, hata Shangazi akafungua mlango na vibiringisho vya nywele kichwani. Alikuwa Eliya, ameshika nanasi. Alikuwa amelala kwa rafiki yake mtaa wa pili ili asipande basi! Shangazi alicheka mpaka akaketi. Pilau ilikuwa bado haijainjikwa, kwa hiyo Eliya akaomba kisu, akakata vitunguu pamoja nami. Ndiye huyo mume wangu, mnayemwita Mzee Eliya. Mpaka leo tukisafiri, mimi ndiye ninayekaa macho.

Sikufundishi kamari, mwanangu. Imekausha nyumba za watu, na Shangazi mwenyewe hakuwahi kugusa pesa ya kodi kwa ajili ya farasi. Ninalokuambia ni hili: mtu akishindwa mbele yako, usiwe mwepesi wa kumcheka wala wa kumtetea. Uliza kwanza njia yake ilikuwaje, na alifanya nini baada ya kuzibiwa. Kama aliendelea kujitahidi, mpe nafasi ya pili kwa moyo mweupe, wala usimsimange kwa ile ya kwanza. Kama njia ilikuwa wazi naye hakutaka, agana naye kwa heri, bila matusi.

Nawe zamu yako ya kushindwa itafika. Usikate tamaa, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku hiyo Mungu akujalie mtu wa kukutazama kwa subira kabla ya kukuhukumu, akutie nguvu uinuke tena, na nyumba yako isikose kicheko. Amina.