Siku Nilmini Alipompigia Magoti Bi Saumu

Mwanangu, ile asubuhi ya Muaither, kule kule Qatar, ikinijia mpaka leo mwili unanisisimka. Wewe unaingia Doha kesho kutwa, utalala chumba kimoja na watu wa dini usizozijua, kwa hiyo kaa hapa kwanza nikuambie.

Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimetoka Tanga. Tulikuwa wafanyakazi watatu katika nyumba moja: mimi nalea watoto, Bi Saumu wa Pemba anapika, na Nilmini, Msinhala wa Sri Lanka, anafanya usafi. Bi Saumu alikuwa mtu mzima, swala haimpiti, mkali kuliko hata mama mwenye nyumba. Mimi nilimwogopa zaidi, maana kuamka alfajiri kulinishinda.

Ukafika mwaka mpya wa kwao Nilmini, ule wa mwezi wa nne ambao Wasinhala na Watamili wanausherehekea pamoja. Wenye nyumba walikuwa wamesafiri, bahati nzuri, kwa sababu kati ya mwaka unaotoka na unaoingia kuna saa ambazo wenzetu wale hawawashi moto wala hawagusi kazi. Saa ya kuwasha moto tena ilipofika Nilmini akachemsha maziwa, akayaacha makusudi yafurike na kumwagika, kwao ndiyo baraka ya mwaka. Nikashika kichwa. Bi Saumu akatazama tu jiko lake likichafuka, kisha akamsaidia kupika wali wa nazi wa sikukuu.

Lakini sikukuu yao haitimii kwa chakula. Mtoto anapiga magoti mbele ya mama yake, majani ya tambuu mkononi, anaomba radhi ya makosa ya mwaka mzima, na mama anamwekea mkono kichwani. Sasa mama yake Nilmini alikuwa hapokei simu. Alikasirika kwamba binti kamwachia mtoto mchanga na kukimbilia Uarabuni. Nilmini alipiga tangu jana yake, na mwisho simu ya kule ikazimwa kabisa. Nikamwona amekaa na simu mapajani, machozi yanamtiririka.

Ghafla akainuka, akachukua tambuu zake, akaenda moja kwa moja kwa Bi Saumu, akapiga magoti na kuinamisha paji la uso mpaka miguuni pake. Nilipigwa na butwaa. Mtu kumsujudia mtu, tena mwenyewe ni Bi Saumu.

“Astaghfirullah,” Bi Saumu akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. “Inuka. Anayesujudiwa ni Mungu peke yake.”

Kiarabu chetu cha jikoni Nilmini alikielewa, ila hakuinuka. Tambuu zilikuwa zimetawanyika sakafuni. “Mama hanitaki,” akasema. “Mimi sina mtu.” Alikuwa na uso wa mtu aliyefukuzwa nyumba mbili kwa siku moja, nami nikamwonea huruma. Nilijua Bi Saumu atatoka zake.

Wallahi, lililofuata lilinishtua kuliko yote. Bi Saumu alishika ukuta, na magoti yake mabovu, akajishusha taratibu mpaka akaketi sakafuni, uso kwa uso na Nilmini. Akamwinua kichwa.

“Sasa hunisujudii,” akasema. “Tumekaa.”

Akaziokota tambuu, akazipokea. Akamwekea mkono kichwani, akamwombea dua ndefu kwa Kiswahili, utadhani kamzaa yeye: arudi kwao salama, mwanawe amtambue, moyo wa mama yake ulainike. Nilmini hakuelewa hata neno moja, akalia mpaka akatulia.

Sikudanganyi, mama yake hakupokea simu siku ile, wala wiki ile. Mimi nikajitia kujua dini, nikamuuliza Bi Saumu kama hajapata dhambi. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikichelewa kuamka.

“Kusujudiwa nimekataa,” akasema. “Kumwacha pale chini peke yake, hilo nani kaniamuru?”



Basi ninalokuusia ni hili. Dini yako ishike, usiiache kwa kuogopa kumuudhi mtu. Ambalo si halali kwako, kataa waziwazi. Ila ukishakataa usimpe mtu mgongo. Tazama anahitaji nini hasa, umpe unachoweza. Nilmini hakutaka kuabudu mtu. Alitaka mama.

Nenda mwanangu. Mungu akufikishe salama, akupe riziki ya halali, na siku utakayokuwa huna mtu, akuletee hata mgeni mmoja akuwekee mkono kichwani.