Mtandao wa Huku Unasumbua

Kujifunza Kiingereza kwa simu kungekuwa kazi nyepesi kama si watu. Sarufi haijawahi kunicheka. Msamiati haujawahi kumkonyeza jirani yake nikifungua mdomo. Watu ndio hufanya hivyo, na katika ofisi yetu ya walimu hapa Kasulu, mkoani Kigoma, bingwa wao alikuwa mwenzangu wa meza ya pili, mwalimu wa historia aliyehamishiwa kwetu kutoka jijini na ambaye hakuacha siku ipite bila kutukumbusha jambo hilo.

Mimi ni wa Kibondo. Nimekua nikisema Kiha, Kiswahili nikakikuta shuleni, na lafudhi ya nyumbani inanifuata hata nikisoma tangazo la kikao. Nilipojiunga na darasa la Kiingereza la mtandaoni, wanafunzi wenzangu walikuwa watu nisiowajua, wa mikoa mingine, kamera zimezimwa. Nikafunguka. Nilikosea, nikasahihishwa, nikakosea tena, wala hakuna aliyekufa.

Kisha yeye naye akajiunga. Siku hiyohiyo ulimi wangu ukaganda. Jina lake likitokea tu kwenye kioo, maneno niliyoyajua vizuri yalinitoka, nikawa najibu ndiyo na hapana kama mtuhumiwa. Yeye hakufungua kipaza sauti hata mara moja. Alikuja kusikiliza tu. Kesho yake asubuhi aliyarudia makosa yangu ofisini kwa sauti ya puani.

"Madamu, jana ulitukosha! Hicho Kiingereza ni cha Kibondo au cha Buhigwe?"

Ofisi nzima ikacheka, wakiwemo wasioweza hata kuomba maji kwa lugha hiyo. Nilimdharau mtu yule, na bado nilimwogopa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kumwogopa mtu nisiyemheshimu hata kidogo.

Mkufunzi wetu alitaka kunisaidia. Alitumia kipindi kizima kutueleza umuhimu wa kujiamini, akiisoma hotuba yenyewe neno kwa neno kutoka kwenye karatasi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa kuzungumza. Shule moja ya mchepuo wa Kiingereza ilikuwa tayari kunichukua mwezi huo, mradi nifaulu, na niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, maana ilimaanisha kuondoka katika ofisi ile. Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Tuliketi ofisini mimi na yeye, meza zikigusana, kila mtu na hedifoni zake masikioni, wote tukitumia intaneti ya shule. Wenzetu walijifanya wanasahihisha madaftari.

Aliitwa yeye kwanza. Mkufunzi alimsalimu kwa Kiingereza, akamtaka aeleze kazi yake. Mtu wa jijini akaiinamia simu.

"Halo? Halo? Sikusikii, ticha! Mtandao wa huku unasumbua sana!"

Mimi nilimsikia mkufunzi vizuri kabisa, pamoja na jogoo aliyewika nyuma yake. Na mkufunzi, maskini, akaomba radhi. Akasema kama hali ni hiyo, basi watu wote wa Kigoma atawaahirishia mtihani hadi muhula ujao.

Shule haingenisubiri hadi muhula ujao. Nilijua pia kwamba nikinyamaza, nitakuwa nimejificha nyuma ya uongo wake. Nikafungua kipaza sauti. Kwa Kiingereza, na kwa lafudhi yangu yote, nikasema kwamba mtandao wa huku ni mzima, kwamba nimekaa ubavuni mwake na tunatumia intaneti moja, na kwamba mwenzangu anasikia kila neno ila hana la kujibu.

Hakuna aliyecheka. Kalamu zote zilikuwa zimesimama. Mkufunzi akaniambia niendelee kuzungumza, mtihani wangu umeshaanza.

Nikaendelea. Pembeni yangu, bila kuinua macho, mwalimu wa historia naye akaendelea kusema halo.