Natoka kwa Mwanangu, Nakwenda kwa Mwanangu

Majuzi nilikaa jikoni kwangu Dodoma, simu mkononi, nikipanga safari ya Dar es Salaam kama mtu ambaye hajawahi kufika. Binti yangu alikuwa amefunga shule na akashikilia kwamba anataka kuona nilikokulia. Nikamwambia tutapanda treni ya umeme asubuhi, tukishuka tutatembea kidogo hadi Gerezani, tupande mwendokasi, na basi litanyoosha mpaka Mbagala Rangi Tatu bila kubadilisha. Hapo palikuwa rahisi. Ugumu ulikuja kwenye kulala. Baba na mama walisharudi Masasi siku nyingi, na ndugu waliobaki mjini wamebanana kiasi kwamba ukienda na begi, mtu analazimika kuhamia sebuleni. Ikabidi nitafute gesti ya bei nafuu. Simu ikanimwagia picha za vitanda vilivyotandikwa vizuri, juu yake taulo zimekunjwakunjwa zikawa na umbo la bata. Nikacheka peke yangu, maana mara ya mwisho familia yetu kuchagua gesti Mbagala, ilibaki kidogo tuvunje undugu.

Wakati huo nilikuwa mtoto, na tulikuwa tumepanga chumba kimoja, wazazi wangu na mimi. Pazia la maua mekundu lilikigawa: kule kitanda cha baba na mama, huku godoro langu, ndoo za maji, jiko la mkaa na meza ambayo baba, fundi seremala, aliitengeneza kwa mabaki ya mbao za watu. Asubuhi niliamshwa na harufu ya vitumbua vya mama na sauti ya wapangaji wenzetu wakigombea zamu ya bafu. Sikujua kama chumba kile ni kidogo. Nilikuja kujua siku utingo wa basi la kusini alipotuletea salamu za bibi, mama yake mama. Bibi alisema anakuja kukaa wiki moja, kwa sababu anataka kumwona mwanawe akiamka.

Ndivyo alivyosema, akiamka. Bibi aliamini kwamba mchana kila mtu anajua kujikaza, lakini anapofungua macho asubuhi, kabla hajaupanga uso, ndipo unapoona anaishije. Alimwozesha mama akiwa binti mdogo, kwa mtu aliyemchukua kwenda mji wa mbali, na miaka yote ile alikuwa akiletewa tu salamu kwamba hawajambo.

Sasa kwetu, na nadhani hata kwenu, mama mkwe na mkwewe hawalali chumba kimoja, hata pazia liwe la bati. Mama alilijua hilo, akapanga safari ile kama anapanga harusi. Kwanza alinikalisha nimwandikie bibi barua ya maelekezo, kwa kuwa nilikuwa darasa la nne na mwandiko wangu ulisifiwa. Panda basi la alfajiri, niliandika. Usikubali wakufikishe mjini. Shuka Mbagala Rangi Tatu, tutakuwa tunakusubiri. Halafu Jumamosi akanishika mkono tukaenda kukagua gesti.

Ya kwanza ilipakana na baa, spika zinatikisa madirisha. Ya pili mhudumu alimuuliza mama kama anataka chumba cha kulala au cha saa mbili. Mama alinivuta tukatoka bila kuaga, nami njia nzima nikawa namuuliza mtu anapata usingizi gani wa saa mbili. Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja mjane. Ua limefagiwa, mashuka yameanikwa juani, yananukia sabuni ya mche. Mama alijaribu komeo la mlango, akachungulia choo, mwisho akainama akanusa mto. Akasema hapa mama yangu atalala.

Bibi alishuka na kikapu cha korosho, makopa ya muhogo na kuku mmoja aliyechoka kuliko yeye. Alikigeukia kituo chote akauliza rangi nyingine mbili ziko wapi, maana yeye anaona ya vumbi tu. Tulicheka hadi nyumbani. Tukala wali wa nazi na samaki, kisha jua lilipoanza kupoa mama akasema, kwa sauti ndogo, twende tukakuoneshe pa kulala.

Tulichosahau ni kwamba bibi alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima. Tangu hapo hakupita chochote chenye maandishi bila kukisoma. Mbele ya gesti ya mjane akasimama, akaanza kusoma ubao kwa kidole, silabi moja moja, kwa raha zake: nyu-mba ya ku-la-la wa-ge-ni. Kidole kikabaki hewani. Akaweka kikapu chini, akamgeukia mama.

"Mie mgeni wa nani?"

Mama akajitahidi kueleza: chumba ni kimoja, kuna mkwe, na hapa ni pasafi, amepachagua mwenyewe. Kadiri alivyoeleza ndivyo yale maneno yalivyozidi kuharibika, mwisho akalia palepale barazani. Bibi hakugomba. Aliokota kikapu chake, akanishika mkono, akarudi alikotoka. Nilivyomwona mama akitufuata nyuma anajifuta kwa ncha ya kanga, niliichukia ile barua yangu yenye mwandiko mzuri.

Baba alituona tunarudi na kikapu. Alichukua taulo na mswaki, akasimama nje ya mlango macho chini kama inavyompasa mkwe, akasema, "Shikamoo mama. Karibu nyumbani upumzike." Akaenda kulala gesti yeye.

Asubuhi yake nilifungua macho nikamwona bibi, pazia limesogezwa, amekaa ukingoni mwa kitanda anamtazama mama aliyelala. Mama alifumbua macho taratibu, akajinyoosha, akatabasamu kabla hata hajakumbuka nani yuko pale. Bibi akashusha pumzi. Alisema shingo imekonda, lakini mtu anayeishi vibaya huamka kwa kushtuka, na huyu hashtuki. Akatoka nje kumtafutia mkwewe korosho zilizo nene.

Ungedhani mambo yameisha. Lakini mtaa una macho. Siku ya pili jirani wa chumba cha tatu alimvizia mama bombani, akamnong'oneza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Shoga, mie sipendi umbea, lakini mumeo tunamwonaga anatoka gesti asubuhi na taulo begani." Mama alicheka akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo wenzake walivyomwonea huruma. Jioni baba alipopita kwenye kijiwe cha kahawa watu walinyamaza. Alikula kimya siku ile, yeye mtu wa mzaha.

Bibi alikuwa akichambua mchicha, akasikia yote. Akanyanyuka, akafunga nguo zake kwenye kanga. Alisema mkwe wake hawezi kuvunjiwa heshima kwa ajili ya usingizi wa kizee, na kwamba alichokijia ameshakiona. Akaniambia mke mwenza, twende. Tukapita barabara kubwa, polepole, ili kila mtu aone nani analala gesti na nani anabaki kwake.

Mjane akafungua daftari. Kila anayelala lazima aandikwe: jina, anakotoka, anakokwenda. Bibi akajibu bila kufikiri.

"Natoka kwa mwanangu. Nakwenda kwa mwanangu."

Mjane alimtazama, kisha akaandika hivyohivyo. Siku zilizobaki nililala na bibi, ubavuni mwake, kwenye mashuka yanayonukia jua. Kila alfajiri tulirudi nyumbani mtaa bado unapiga miayo, naye akashika ufagio akafagia ua wote, hadi mbele ya mlango wa yule jirani. Alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini yeye hangoji kupewa. Siku ya mwisho jirani alileta chapati zimefunikwa kwa kawa, hakusema za nini, na hakuna aliyemuuliza.

Basi tumefika, mimi na binti yangu. Nyumba yetu haipo. Pamejengwa fremu za maduka, wanauza kava za simu mahali lilipokuwa godoro langu. Gesti ya mjane nayo imekuwa ghorofa ya mtu mwingine. Bibi tulimzika zamani, na hakuna mtu Mbagala nzima aliyenigeuzia shingo. Gesti tuliyoichagua kwenye simu ni safi, na taulo bata wapo kweli, binti yangu amefurahi. Mapokezi mhudumu akanisogezea daftari, na mistari ni ileile. Kwenye natoka niliandika Mbagala. Kwenye nakwenda nikaandika Mbagala.

"Sista, umeandika sehemu moja mara mbili," akaniambia kwa upole.

Nikamwambia ni sawa.

Leo asubuhi niliamka mapema kwa sauti ya ufagio nje. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamtazama binti yangu hadi alipofumbua macho. Hakushtuka. Nilifurahi, na papo hapo moyo ukaniuma, kwa sababu nilimkumbuka mama. Kila Jumapili mchana nampigia Masasi, na kila Jumapili mchana ananiambia hajambo. Ni miaka mitano sijamwona akiamka.

Nikachukua simu, nikatafuta basi la kusini linaloondoka alfajiri. Binti yangu akauliza kama na huko atafute gesti yenye bata. Nikamwambia huko hatutafuti.